Sauti ya Mkwe Kwenye Swichibodi

Benchi la Kashindye, pale Iyunga kando ya barabara kuu, lilikuwa taruma la reli lililolazwa juu ya matofali, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza lilifikaje pale. Kashindye mwenyewe alikuwa Msukuma. Ndugu zake walihamia Usangu na ng'ombe wao, yeye ng'ombe wakamchosha, akaja mjini kuuza kahawa. Asubuhi za Julai, baridi ya Mbeya inapowavalisha watu sweta mbilimbili, wenye benchi lao walifika kabla ya jua. Alikuwepo Saulo, aliyebeba vyuma reli ilipokuwa ikijengwa na akatoka huko na jina la Injinia. Alikuwepo Crispin, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Na alikuwepo Mzee Lutengano, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambaye siku hiyo kahawa ilimpolea mkononi bila kuionja.

Mzee alikuwa amenunua swichibodi. Zamani biashara yake yote ilikuwa na simu moja, ya dukani. Mtu wa mashine akitaka kujua kama mpunga wa Ubaruku umefika ghalani, anatoka mbio. Sasa fundi alikuwa anafunga simu nne, ya duka, ya mashine, ya ghala na ya ofisi ya Mzee, zote zikiingia kwenye kisanduku kimoja chenye taa na swichi. Ukiinua simu, taa yako inawaka. Aliyekaa kwenye bodi anakuuliza unamtaka nani, anageuza swichi, mnaongea. Vijana wa ghala wanaweza kupiga soga na wa mashine kutwa nzima, lakini kutoka nje kwenye laini ya Posta hawatoki mpaka mwenye bodi aruhusu. Hilo la mwisho Mzee alilipenda sana.

Tatizo lilikuwa mwenye bodi. Pale nyumbani aliyeijua kazi hiyo ni mtu mmoja tu, Lea, mke wa mwanawe Anania, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa akiunganisha simu Posta ya Tukuyu. Na kwa Wanyakyusa wanaoshika mila kama Mzee alivyoishika, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Huyu akija huku, yule anapita kule. Sasa kulikuwa na ofisi ya Iringa inamtaka Lea kwa kazi hiyohiyo, na jibu lilitakiwa leo. Akiondoka, Anania ataondoka naye, na mjukuu pia, na kwenye nyumba yao ya Ilomba atabaki Mzee na paka. Aliliogopa hilo usiku na mchana, ila hakutaka benchi lijue.

Benchi lilijua tangu jana.

— Mzee, usijisumbue, — alisema Saulo. — Sauti ikishaingia kwenye waya siyo sauti tena. Inakuwa umeme. Na umeme hauna ukoo.

Lutengano akamuuliza ikiwa ni hivyo, mbona mdogo wake akipiga kutoka Dar es Salaam anamtambua kwa kikohozi chake. Saulo, bila hata kupepesa macho, akasema kikohozi ni kitu kingine, kikohozi kinapita juu ya waya.

— Injinia amekosea padogo, — Crispin akadakia. — Sauti ni sauti, ila inakonda. Waya wenyewe mwembamba vile, mtu mzima atapitaje? Ndiyo maana watu wanapiga kelele kwenye simu, wanaisukuma ipite. Ikikufikia imebaki ya mtoto mdogo. Sasa, mtoto mdogo ni mkwe wa nani?

Saulo akakubali kwamba hapo pana sayansi, akashauri wanunue waya mwembamba zaidi ili wawe na hakika. Kashindye yeye aliona dawa ni Lea asiseme kabisa, agonge kijiko kwenye simu, mara moja kwa duka, mara mbili kwa ghala. Crispin akataka kujua Dar es Salaam itagongwa mara ngapi. Basi, akasema Kashindye, awekwe mtu katikati asiye na undugu na yeyote, Msukuma kwa mfano, achukue neno kwa Lea amfikishie Mzee. Saulo akaonya kwamba mtu huyo naye atahitaji simu, na simu yake itahitaji swichibodi ya pili. Mpaka birika linafika nusu, benchi lilikuwa limeshamnunulia Mzee swichibodi tatu.

Mzee alicheka nao, lakini kicheko kiliishia menoni. Akaweka kikombe chini.

— Mimi nauliza kitu kimoja. Nikiinua ile simu, akaniuliza namtaka nani, nitakuwa nimemkosea heshima mtoto wa watu au sijamkosea?

Hapo hakuna aliyetania. Redio naye kwa mara ya kwanza akazimika.

Ndipo akatokea Timotheo, fundi wa simu kutoka Iringa, koleo mfukoni. Akawaamkia kwa lugha ya kwao, kamwene, wakaitikia kila mtu anavyojua.

— Nimemaliza, Mzee. Twende ofisini kwako tujaribu. Yule dada yuko kwenye bodi tayari. Atakuita. Ukisikia sauti yake, ujue laini imekaa sawa. Ukisikia mwingine, basi nimechanganya waya. Sauti yake si unaijua?

Watu wote watatu wakamgeukia Mzee, kisha wakaona haya wakatazama vikombe vyao. Mzee alijua mapishi ya Lea. Alijua hatua zake uani. Mwaka ule homa ilipomlaza, uji wa moto ulikuwa mlangoni kila asubuhi, na aliyeuleta ameshapotelea nyuma ya nyumba. Lea alikuwa akimbembeleza mtoto kwa nyimbo, watu walimsifia, lakini Mzee akifungua geti wimbo unakatika. Miaka yote hiyo walikuwa wameheshimiana sana, na sasa ilimuuma kama kidonda kipya.

— Siijui, — akasema.

Timotheo alidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka, akajikuna kisogo, akasema basi haidhuru, anaweza kukaa yeye kwenye bodi na yule dada akapumzika.

— Hapana, — Mzee akasema, na tayari alikuwa amesimama. — Akae yeye. Mimi naenda ofisini. Mwambie aongee polepole, nataka nimsikie.