Wimbo wa Mkwe kwa Fidla Nne

Masikio hayana pazia, hasa ndani ya treni. Mshonaji aliketi nyuma ya fundi umeme aliyevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu. Simu ya fundi ilikuwa ikipiga fidla, na bibi aliyeketi kando yake, wasiojuana, alitikisa kichwa taratibu kuufuata.

"Huo ndio muziki, mwanangu. Wa watu waliolelewa wakaleleka."

"Huu ni wimbo wa roki nzito, mama. Ile ya magitaa ya umeme na mayowe. Hawa wapigaji wanne wameupiga kwa fidla, kubwa kwa ndogo."

Bibi alikataa katakata. Roki nzito aliijua: mume wa binti yake aliifungulia sebuleni kutwa, na kwa kuwa mkwe hakemewi, yeye alifungasha sanduku na sasa anahamia kwa dada yake.

Fundi akaufungua wimbo wenyewe, ule wa magitaa, sauti chini. Bibi akakunja uso, akasikiliza, kidole kikaanza kugonga sanduku.

"Ni huohuo wa mkwe," alisema polepole. "Kumbe chini ya makelele mna wimbo. Basi ayaache makelele."

"Makelele ndiyo raha yenyewe, mama."

"Raha gani ya kutikisa vikombe kabatini?"

Mshonaji, ambaye mumewe hukoroma kuyashinda magitaa yote hayo, alikaza midomo asicheke.

Treni ikasimama. Bibi akashuka akisisitiza kwamba makelele ni makelele. Kisha mshonaji akamwona dirishani akivuka na sanduku lake, kuelekea upande wa treni zinazorudi.