Nani Ana Minyoo?

Benchi la Mama Kahawa halina mgongo, ndiyo maana wanaolikalia hubishana wameinama mbele utadhani wanataka kuzichapa. Asubuhi hiyo, ng'ambo ya barabara, lori lilikuwa linapakia vyombo: kitanda, friji, magodoro. Fundi viatu wetu, Gundi, ana kaka yake aliyepandishwa cheo, na sasa anahamia mbali pamoja na mke na watoto. Na ndugu hawa hawasemezani tangu mazishi ya mama yao. Gundi akawa anagonga kisigino cha kiatu cha watu kwa hasira, kiatu chenyewe hakina kosa.

— Kapita hapa tena, kimya! akafoka. Kaka wa tumbo moja! Kanipita kama nguzo ya umeme.

— Minyoo hiyo, akasema Wembe, kinyozi. Nina mteja wangu wa maabara. Anasema panya akiwa na minyoo, wenzake wakimnusa tu, wanamkwepa.

Nyundo ya Gundi ikabaki hewani.

— Yaani mimi ndiye mwenye minyoo?

— Sijasema wewe. Nimesema panya.

— Aliyekwepwa hapa ni nani, kama si mimi? Koma!

— Wembe kasikia nusu, akadakia Breki, dereva mstaafu. Mwenye minyoo ndiye anayesahau wenzake. Jana kala na mwenzake, leo anamnusa upya kama mgeni. Mgonjwa ni kaka mtu!

— Hapo sasa! akasema Gundi.

— Tena minyoo inapenda vyeo, akaendelea Breki. Mtu akipewa ofisi tu, inampanda kichwani. Mnadhani wakubwa wakishapata kwa nini hawatujui?

— Basi dawa itiwe kwenye maji yao ya kunywa, akasema Wembe.

— Wapi! Asiyemeza kidonge mbele yetu, hapati kura!

Mama Kahawa akacheka mpaka birika likayumba. Gundi naye alicheka, ila macho yalikuwa kwenye lori. Magodoro yalishafungwa kamba. Moyo ulimuuma, na hakutaka mtu aone.

— Mimi simbembelezi mtu, akasema. Akitaka kunijua, anijue. Hataki, aende zake!

— Kaza hapohapo! wakamjaza upepo.

Mwenye kiatu, mama mmoja mgeni pale, alikuwa amekaa mguu mmoja peku, akisubiri kisigino chake.

— Samahani, fundi. Kati yako na huyo kaka, nani anatakiwa kumwamkia mwenzake?

Nani asiyejua kwamba mdogo ndiye anayeanza, na mdogo ni Gundi? Na tangu siku ile ya makaburini, Gundi hajafungua mdomo.

Lori likanguruma. Gundi akainuka, nyundo mkononi, kiatu cha mama wa watu kwapani, akaingia barabarani huku magari yakimpigia honi.

— Shikamoo, kaka! akapiga kelele kama anayetukana. Usiitikie uone!