Mkaguzi Aliyekagua Ofisi Yake Mwenyewe

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, mkaguzi mkuu wa Ofisi yetu ya Kazi atakabidhi kitambulisho na funguo za kabati baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba katika muda wote huo aliugua siku tisa tu. Tano kati ya hizo ni za kifundo cha mguu alichokitegua kwenye ngazi za kiwanda cha magodoro, mwenye kiwanda akiwa mbele yake anamwonyesha njia ya kutokea.

Wengi tunamwita Mama Saa Ngapi. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wa viwandani. Wakaguzi wengine tukifika mahali pa kazi huuliza mshahara kwanza, na mfanyakazi ambaye msimamizi wake amesimama hatua mbili nyuma hutaja kiasi alichofundishwa kutaja. Yeye huuliza, "Leo umeingia saa ngapi? Jana ulitoka saa ngapi?" Watu hufundishwa kudanganya kuhusu hela, kuhusu saa hakuna anayekumbuka kuwafundisha. Ukizigawa hizo hela kwa saa hizo, ukweli unajileta wenyewe.

Aliingia ofisini akiwa mpiga chapa. Kwa miaka minne alichapa majibu ya malalamiko, mengi yakianza kwa maneno "tumelipokea suala lako" na kuishia hapohapo. Alipochoka kuyachapa, akafanya mtihani wa ukaguzi, akafaulu. Siku ya kwanza alienda kazini na viatu vya kisigino. Siku ya pili hakuvivaa, wala hakuvivaa tena.

Katika mwaka wake wa pili wa ukaguzi alifanya kosa ambalo humsimulia kila mkaguzi mpya, mimi nikiwemo, kabla hata hajamwonyesha choo kilipo. Mpiga pasi wa kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli alikuwa ameandika barua kwamba analipwa chini ya kima cha chini cha mshahara. Mkaguzi wetu akaenda kiwandani na barua hiyo mkononi. Hakutaja jina la mtu. Mwenye kiwanda aliutambua mwandiko, na kufikia Jumamosi mpiga pasi hakuwa na kazi.

Mkaguzi wetu alimtafuta hadi kwake kumwomba radhi. Alimkuta uani, anafua kwa mkono nguo za majirani. Yule mama hakugomba.

"Dada," alisema, "barua yangu uliibeba kama mwavuli. Kila mtu aliiona."

Kisha akamsogezea kigoda, akaendelea kufua.

Tangu siku hiyo mkaguzi wetu hakuamini tena kwamba kazi ya ofisi ni kungoja barua. Aliandika pendekezo: tukague viwanda vyote vya aina moja kwa wiki moja, awepo mlalamikaji au asiwepo, ili mwajiri asijue nani kasema, na pengo likionekana, wafidiwe wote waliopunjwa, hata walioacha kazi, si yule mmoja tu aliyethubutu. Sentensi moja ya pendekezo hilo bado imebandikwa ukutani kwetu: "Kimya cha mfanyakazi si stakabadhi ya malipo." Pendekezo lilirudishwa mara tatu na wakurugenzi watatu, mara moja likiwa na duara la kikombe cha chai juu yake. Mwaka wa saba tangu aliandike, likapita.

Wakaguzi walianza na viwanda vya kufulia, kumi na kimoja kwa jumla. Vitabu vya mishahara vilikuwa safi kuliko mashuka. Lakini kila mahali majibu ya saa yalifanana: wafanyakazi huingia getini saa kumi na mbili asubuhi, na malipo huanza kuhesabiwa saa moja na robo, mvuke unapokuwa tayari. Mwenye kiwanda kikubwa kuliko vyote hakuona tatizo.

"Wakisubiri mvuke hawafanyi kazi," alisema.

"Wanaruhusiwa kwenda kuusubiri nyumbani?"

"Hapana. Watachelewa."

"Basi wako kazini," alisema, akaandika.

Baraza la usuluhishi lilikubaliana naye. Watu mia nne na kumi na wawili walilipwa malimbikizo, na kanuni ikabadilishwa: saa zinahesabiwa tangu getini, na kila mfanyakazi apewe hati ya malipo inayoonyesha saa zake. Yule mpiga pasi aliitwa pia. Alizihesabu fedha zake mara mbili mbele ya mkaguzi. "Zimechelewa," alisema, "ila zimetimia."

Tusidhani kwamba alikuwa mkali kwa wageni tu. Mumewe, ambaye ni seremala, hujitambulisha kama mwajiri pekee aliyekaguliwa akiwa mezani anakula. Alimwongezea msaidizi wake posho kabla sahani hazijaondolewa. Anasema ilikuwa nafuu.

Jambo la mwisho alilolifanya ndilo gumu zaidi kwetu kulisimulia, maana linatuhusu. Mwaka jana alikuwa akiwahi kufika kupanga faili za kukabidhi, na kwa mazoea akamuuliza mfagiaji wa ghorofa yetu ameingia saa ngapi. Akamuuliza na wa ghorofa ya chini. Wafagiaji wetu ni tisa, wameajiriwa na mkandarasi. Walikuwa wakifanya kazi saa kumi kwa siku na kulipwa saa sita. Kila asubuhi sisi tulikuwa tukiruka ndoo zao, tunapanda ngazi kwenda kutetea wafanyakazi.

Aliomba mkataba wa mkandarasi huyo. Akaigawa bei yake kwa watu tisa, akakuta kwamba hata mkandarasi asingechukua senti, wala kununua sabuni, fedha ile isingefikia kima cha chini. Tulikuwa tumechagua zabuni ya bei ya chini kuliko zote. Serikali ilikuwa imenunua usafi kwa bei isiyoweza kutimiza sheria ya serikali yenyewe.

Kantini iligawanyika. Wengine tulisema mtu aliyebakiza miezi kumi angeondoka kwa heshima zake bila kuchafua nyumba. Nilikuwa mmoja wao, na nilimwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nimsomee hesabu zake nione kama amekosea. Hakuwa amekosea.

Mkurugenzi aliisoma taarifa yake ya kurasa nne, akaiweka chini.

"Unataka nijishtaki?"

"Nataka urekebishe, Mkurugenzi. Kushtaki ni kazi yangu, na bado sijastaafu."

Taarifa ilikaa wiki tatu, ikasainiwa, ikapelekwa juu. Tangu mwanzo wa mwaka huu, zabuni yoyote ya ofisi ya umma ambayo bei yake haitoshi mishahara halali hutupwa siku ya kufunguliwa. Mkandarasi akipunja, hapewi kazi ya umma kwa miaka mitano, na ofisi iliyomwajiri inalipa pengo pamoja naye. Wafagiaji wetu tisa wana mkataba mpya na saa nane za kazi. Malimbikizo yao ya nyuma hayajalipwa. Mkandarasi anaisukumia ofisi, ofisi inamsukumia mkandarasi.

Kwa yote hayo, mkaguzi mkuu, pokea shukrani zetu, za waliokuunga mkono tangu mwanzo na za sisi tuliochelewa. Tunakuombea afya, uzee mtulivu na nyumba yenye vicheko, wewe, mzee seremala na wajukuu. Tutakuona kwenye hafla Ijumaa. Wafagiaji wote tisa wamealikwa, na watakaa viti vya mbele.

Faili lao uliniachia jana. Nimeshaandika barua ya kwanza, kwa Mkurugenzi.