Cheti cha Kiti cha Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Breki, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kukabidhi magari kwenye yadi ya muuzaji. Magari yenye nguvu, yale ukigusa mafuta tu, shingo inarudi nyuma.

Sheria ilitaka leseni ya kawaida, basi. Yeye alitaka zaidi. Asubuhi moja alimkabidhi mteja funguo. Leseni safi. Adhuhuri gari likarudi linaburutwa, na mteja hakurudi. Tangu siku hiyo hakutoa funguo bila mafunzo ya siku tano na mtihani wake mwenyewe.

Na mtihani gani! Alikwambia, "Mlete mama yako." Mama anakaa kiti cha nyuma. Unaendesha saa nzima, mjini na barabara kuu. Mama akisinzia, umefaulu. Akishika mkanda kwa mikono miwili, rudi kesho. Na cheti anaandika mama, si mwalimu.

Bosi mmoja alikuja juu: "Nimeendesha miaka ishirini!" Mama yake akamjibu kutoka nyuma, "Na miaka ishirini yote sijafumba jicho, mwanangu." Yadi nzima ilivunjika mbavu.

Linaloniacha mdomo wazi ni hili. Binti yake alitaka kurithi kazi hiyo, na baba, aliyekaa nyuma mwenyewe badala ya mama, alimfelisha mara saba.

"Alikaa nyuma macho kodo," anasema binti. "Nikamwambia, baba, wewe husinzii kwenye gari la mtu yeyote. Akasema, basi endelea kujifunza."

Jumamosi ugonjwa ulimzidi. Binti akampakia nyuma ya gari lenye nguvu kuliko yote yadini, wakaelekea hospitali.

"Nilitamani kukanyaga mafuta mpaka mwisho," anasema. "Nikaenda haraka, ndiyo, lakini bila kumtikisa."

Getini akatazama kioo. Mzee alikuwa anakoroma.

Alipoamshwa aliomba karatasi, akaandika neno moja. Tumelisoma hapa studio, wasikilizaji.

"Nililala."

Mama mjane, binti, na wenzake wa yadini, poleni sana. Mungu ampumzishe.

Na wewe uliye kwenye usukani, tazama kioo. Huyo aliyekaa nyuma anasinzia, au ameshika mkanda kwa mikono miwili?