Viggo Ravnkilde na Vigae Alivyokata Vikavu

Marehemu Viggo Ravnkilde alikuwa na kanuni moja kazini: kigae cha paa hukatwa kikiwa kikavu. Alisema kikiloweshwa huwa bubu, na fundi hawezi kujua akate wapi ili kitoe sauti anayoitaka. Aliishika kanuni hiyo miaka kumi na mitatu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1950 huko Nørresundby, Denmark, mtoto wa mwashi Aksel na mkewe Dagny. Alisoma hapo hapo, akajifunza uashi kwa baba yake, na mwaka 1973 akaingia chuo cha sanaa mjini Aarhus. Walimu walimpa udongo na shaba. Yeye akaleta matofali, mabomba ya maji taka na, baadaye, vigae vya saruji vilivyong'olewa kwenye mazizi ya zamani. Alivitundika kwenye fremu za mbao na kuvigonga kwa nyundo ya mpira. Baba yake alipoiona sanamu ya kwanza aliuliza nyumba ya hilo paa itajengwa lini.

Alifunga ndoa na Gudrun Thestrup, mwalimu wa chekechea, tarehe 11 Juni 1977. Wageni walipogonga gilasi kwa visu ili maharusi wasimame juu ya viti na kubusiana, Viggo alishuka kwenda kutafuta gilasi iliyolia vizuri kuliko zote. Gudrun alibaki juu ya kiti.

"Rudi hapa wewe. Hiyo gilasi haitakupikia viazi."

Sanamu yake kubwa, Paa la Jumapili, ilisimamishwa mwaka 1985 kwenye bustani ya mji, na watoto waliigonga kila walipopita. Mwaka uliofuata mwashi mwenzake, Evald Bisgaard, alimjia uani na barakoa na ndoo ya maji. Alimweleza kwamba vigae vile vina asbesto, kwamba vumbi lake linaua, na kwamba vikikatwa lazima viloweshwe. Viggo alimkaribisha kahawa.

"Evald, ukimziba mwimbaji mdomo, atakuimbia nini?"

Evald aliondoka, ndoo akaiacha. Onyo lilikuwa wazi, na familia hii haitasema kwamba haikuambiwa. Kila Ijumaa Gudrun aliendelea kukung'uta ovaroli za mumewe nyuma ya nyumba kabla ya kuzifua, na binti yao Sidsel akicheza hapo hapo. Viggo aliacha kukata vigae mwaka 1992, mazizi ya zamani yalipokwisha.

Mwaka 2014 Gudrun alianza kuishiwa pumzi. Daktari alimuuliza aliwahi kufanya kazi ya paa wapi. Gudrun, aliyefundisha watoto maisha yake yote, alimtazama mumewe.

"Ni mimi, daktari," Viggo akasema.

"Wewe ulikata, mimi nikafua," Gudrun akamwambia. "Nipe maji ninywe."

Gudrun alifariki tarehe 2 Februari 2015. Katika miezi ile Viggo alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani. Alimfanyia kila kitu isipokuwa kile kilichohitajika, ambacho wakati wake ulikuwa umepita.

Mwaka 2017 mji uliamua kuiondoa sanamu ya Paa la Jumapili. Mafundi waliovaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni walivimwagia vigae maji, wakavifunga kwa nailoni. Viggo alisimama na binti yake nyuma ya utepe, asiweze kusaidia wala kuzuia. Alisema tu, "Wanafanya sawasawa."

Ugonjwa uleule wa mapafu ulimpata yeye Aprili 2023. Madaktari hawakuwa na dawa ya kuuondoa. Alifariki nyumbani tarehe 18 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Ameacha binti mmoja, Sidsel, mkwe, Jannik, mjukuu, Alma, na dada, Birthe. Mungu ampumzishe kwa amani kando ya Gudrun.

Kanuni yake ilimgharimu mkewe, kisha ikamgharimu yeye mwenyewe. Sidsel alipimwa mapafu wiki iliyopita, na majibu bado hayajatoka.