Chetezo Kilichokwenda Ghulail

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufunga vitu vya kale bila kuvunja hata kimoja, Bwana Haroub Salim anavua glavu zake. Rekodi hiyo hachoki kutukumbusha, hasa mtu akidondosha kikombe cha chai.

Alizaliwa Jeddah, kwa wazee waliotoka Unguja, akaingia ghala letu la maonyesho hapa Riyadh akiwa mbeba masanduku. Leo ni fundi mkuu wa kufunga. Kila kitu kwake hufungwa kwa karatasi nyeupe ya makumbusho, hata mandazi anayotuletea Jumapili akitoka kwake Jeddah.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa vitu vya ibada vya Waazteki wa Meksiko: visu vya jiwe, ngao za manyoya ya ndege, na chetezo cha udongo chenye sura ya fuvu. Maelezo aliyasoma yote. Kwa imani yao, shujaa aliyefia vitani alilisindikiza jua kila siku tangu alfajiri hadi adhuhuri. Aliyekufa kitandani alitembea kuzimu miaka minne, mtihani baada ya mtihani, mbwa akimwonyesha njia.

"Miaka minne tu?" akashangaa. "Tena mafi kafili, mafi ikama, bila mdhamini wala kibali cha ukaazi? Walistarehe hao!"

Siku ya kupeleka mzigo Jeddah, alikuwa pia anarudisha nyumbani vyombo vyake, kikiwemo chetezo cha mkewe, Bi Wahida. Vyetezo vyote viwili alivifunga kwa karatasi ile ile, juu ya meza ile ile. Kimoja kikaingia sandukuni, kingine begini. Mimi nikatia alama kwenye orodha bila kufunua. Kafunga Haroub, nani amkague?

Alhamisi, saa mbili kabla ya ufunguzi, tukiwa ukumbini Jeddah, Bi Wahida akapiga simu kutoka nyumbani kwao, mtaa wa Ghulail. Mkaa ulishakolea.

"Baba Hala, hichi chetezo gani ulichoniletea? Kinanitolea meno!"

"Usikiguse! Mkaa weka mbali!"

Hatukuwa tumewahi kumwona akikimbia. Alikwenda nyumbani akarudi kwa teksi, chetezo kimezungushiwa kanga na kufungwa mkanda wa kiti, yeye mwenyewe hana mkanda. Mtaalamu wa vitu vya kale alikikagua kwa lenzi. Hakikuwa na ufa wala chembe ya jivu. Wakati huo chetezo cha Bi Wahida kilikuwa kimesimama ndani ya kioo, chini ya taa, na wapiga picha walishamaliza kukipiga.

Bila kuulizwa, Bwana Haroub aliandika ripoti: "Kosa ni langu." Aliamini miaka yote thelathini na mmoja imekwenda na maji. Meneja aliisoma, akaongeza mstari mmoja: "Kilichovunjika: hakuna." Mzee wa watu alilia, nasi tukalia naye.

Zawadi yetu ni chetezo kile kile cha mkewe, pamoja na kibao kilichosimama mbele yake siku ile: "Kilitumika kumuaga shujaa anayeanza safari. Usiguse." Bi Wahida ameshatuma salamu kwamba atakigusa.

Ahsante kwa yote, Bwana Haroub. Mola akupe uzee wenye raha. Ulisindikize jua hadi adhuhuri, kisha ulale.

Monicah, msajili wa ghala