Kengele Iliyozibwa Majani

Theonest, funga mlango huo, ukae. Zita, sogea, mkono wako uweke hapa juu ya kengele ya baba yenu, na wewe Theonest weka wako juu ya wa dada yako, mniapie kwa Bikira Maria kwamba nitakayosema hayatafika kwa kaka yenu Anatoli. Amekwenda Rulenge kuniitia padri, na kwa miguu ile hatachelewa. Semeni naapa. Theonest, unaapa kama unameza kwinini. Rudia. Haya, hapo sawa.

Sikilizeni wanangu. Tumboni sikuwabeba, lakini nimewalea toka mama yenu atutoke, na baba yenu Kanyange, kaka yangu, alikuwa mwindaji mpaka usingizini anaita mbwa. Kengele hii ya mti mnaijua. Alimvisha mbwa wa mbele, akaiziba majani ndani isilie, wakateremka bondeni kimya mpaka wamfikie mnyama, ndipo anachomoa majani, na kilima chote kinajua Kanyange yuko kazini.

Tulipohamishiwa kwenye kijiji, nyumba zimepangwa kando ya barabara kama meno, uwindaji ukaitwa ushenzi. Vijana asubuhi jembe, jioni wamekaa wanangoja ugali na maharage. Miguu ikalegea. Kupanda kutoka kisimani wanahema kama kuku kwenye jua. Wewe Theonest, muuguzi alikufunua jicho akasema huyu hana damu, apate nyama. Nyama ya wapi? Kanyange alichukua mkuki akatoka na kaka yako. Ulikunywa mchuzi wa pongo mpaka mashavu yakarudi, na mashavu hayohayo leo unayajaza maneno kwamba nikishazikwa mbwa watapewa sumu, kwamba karani wa kijiji hakai na mbwa wa porini. Nimesikia. Eustakia jirani hana siri, Mungu amzidishie mdomo.

Na si wewe wa kwanza kuwatakia kifo. Mwenyekiti Ndassa alimtuma mgambo atangaze kwamba Jumapili inapigwa kura, mbwa wauawe au wabaki. Mgambo ni Mhangaza mwenzetu, ulimi wetu mnaujua, akapita nyumba kwa nyumba, "Jumapili kwa mwenyekiti kuna kula." Watu wakaja na sahani. Baba yenu hakutaka aibu ya kwenda mikono mitupu, akabeba pongo mzima aliyebanikwa, akamlaza kwenye meza ya mwenyekiti, mbele ya mkutano wa kukataza pongo.

Ndassa akamuuliza, "Mzee Kanyange, hiki nini?"

"Mwenyekiti, umesema kula."

"Nimesema kura."

"Ndiyo, kula. Wewe nimekuwekea paja."

Nipeni maji. Kicheko hiki kitanimaliza kabla ya padri. Mikono yote iliyonyooshwa siku ile kuwatetea mbwa ilikuwa inang'aa mafuta, na wa Ndassa ulikuwemo.

Basi vijana wakarudi bondeni, mchana kweupe, nyuma ya mbwa, na vita vilipokuja, waliokuja kuchagua askari hapa Bugarama waliwakimbiza mpaka juu ya kilima na kurudi. Vijana wa vijiji vingine walitapika. Anatoli alirudi, akasimama, akauliza mbio zinaanza saa ngapi. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Sasa siri yenyewe. Kule ng'ambo ya Kagera walitakiwa kupita kwenye matete, adui yuko karibu, na kila askari ana sahani na kikombe cha bati vinagongana kama harusi. Mkubwa wao anafoka watembee polepole, lakini bati halisikii amri. Anatoli akainama, akang'oa majani, akajaza kikombe chake, akajaza cha mwenzake, akaufuata mstari wote anaziba, anaziba, kama baba yake shingoni mwa mbwa. Wakapita kimya. Upande wa pili risasi ikampata huyo mwenzake gotini, na Anatoli akambeba mabegani kama anavyobebwa pongo, akapanda naye kilima mpaka kwa daktari, hakumtua njiani. Alipomlaza akamwambia, ukilisema hili nyumbani nitakurudisha nilikokutoa. Hataki sifa yule, ndiyo maana nimewaapisha. Lakini mimi kufa nalo kimya siwezi, nitapasuka kaburini.

Kwa hiyo Theonest, nyumba hii na migomba ya chini ni yako, wala usigombane na kaka yako, yeye ana shamba la baba yenu. Mbwa usiwaguse. Mbwa na kengele ni vya Zita. Usinitazame hivyo, najua mnasema mwanamke haiti mbwa. Anatoli alipokuwa vitani na baba yenu amelala mgonjwa, nani aliwaita? Zita. Nimemtazama kidevu tangu siku ile, hajaota ndevu. Zita mwanangu, watoe watoto barazani, wa kike na wa kiume, wakimbie nyuma ya mbwa mpaka jasho litiririke, wasilegee kama walivyolegea wale.

Siku ya kunizika, izibe kengele. Mbwa waje nyuma ya jeneza kimya. Udongo ukishanifunika, chomoa majani. Kilima kijue.

Sogeeni, sauti inakwisha. Mungu awape miguu ya kupanda... na pumzi ya kucheka mkifika juu. Yangu iliyobaki... gawaneni.

Theonest, ondoa mkono kwenye kengele. Umeapa, inatosha. Mwachie dada yako.

Mnataka kujua nani kaniambia. Alikuja kwangu na posa, nikamjazia pombe ya rubisi, nikamuuliza, bwana harusi, mbona unachechemea... Zita, usilie. Goti lile unalolikanda mafuta kila jioni... Ni mumeo. Ni Novatus.